Filamu Iliyokwenda Kuombwa Molo

Tangu nirudi mnanipigia simu kama vile nimefiwa. Ulipata? Hukupata? Wengine hata salamu hamtoi. Nimeamua kuwaandikia wote mara moja, maana nikianza kumweleza mmoja mmoja nitakaukiwa na mate, na bado nina arusi ya kupiga video huko Lanet. Jibu lenyewe si la neno moja, bana. Limepitia matope, viazi, shangazi yangu na machozi ya mama wa watu. Kwa hivyo tafuteni chai mketi.

Wale ambao hawakuijua hii stori tangu mwanzo, ni hivi. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikitengeneza filamu juu ya Mama Shiko, muuza mbegu za viazi wa Molo. Huyo mama ana mdomo. Familia ikitaka kwenda kuomba msichana, au ikingoja wageni wa mahari, yeye ndiye huitwa aseme kwa niaba yao. Kazi hiyo kwa Wakikuyu kwa kawaida ni ya wazee wanaume, lakini Mama Shiko alianzia upande wa akina mama, akawapita wote kwa maneno, na siku hizi hao wazee wenyewe ndio humtumia gari.

Sasa, kuna mahali kando ya ziwa Naivasha ambapo watu wa filamu kama sisi, wasio na kampuni wala mjomba serikalini, hupewa chumba, chakula na mhariri wa kuwasaidia kwa miezi miwili. Wachache huongezewa na pesa za kumalizia filamu. Mambo ya kujaza fomu nawaruhusu muyawaze wenyewe. Muhimu ni kwamba tuliitwa sita kwenda kuzinadi filamu zetu Jumamosi, na kila mmoja alitakiwa aje na neno la mwenye hadithi, limerekodiwa, akisema amekubali. Mimi nikaona hiyo ni kazi ya dakika tano. Nikapanda kwenda Molo Jumatatu asubuhi nikiimba.

Nakuru mpaka Molo

Molo ilinipokea na baridi yake ya kawaida, ile ya kukufanya uzungumze na meno yamefungana. Mama Shiko alikuwa dukani anachagua mbegu. Akafunga duka, akanipeleka kwake, akaweka chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, kama siku zote. Nikamweleza habari njema huku ninatafuna. Nikamwambia wale watu wa Naivasha wamempenda sana, hasa ile sehemu ya jikoni.

Akaweka kikombe chini. "Uliwaonyesha ya jikoni?"

Ya jikoni ni hii. Siku moja ya mvua alikuwa anamenya viazi, nami nimeweka kamera juu ya meza, akaanza kuzungumza juu ya binti yake Shiko, mtoto wake wa pekee. Shiko alienda kufanya kazi kwenye shamba la maua, akaanza kuishi na kijana anaitwa Wekesa, na miaka mitano sasa hakuna mtu kutoka upande wa huyo kijana amekuja hata kusalimia. Mama Shiko alisema, bila kuinua kichwa, kwamba yeye anaombea wasichana wa Molo nzima na wake amechukuliwa kama kuku wa barabarani. Kisha akaendelea kumenya. Hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani, na ndiyo iliyofanya nichaguliwe kati ya watu wengi.

Nikamwambia mbona alikuwa ameona kamera. Nikamwambia mwaka mzima ananiambia karibu.

"Nafula," akasema, "nikikuambia karibu, hiyo ni chai. Hiyo si ruhusa. Umekuja hapa mwaka mzima peke yako na hicho chombo. Kuna mtu wenu hata mmoja amewahi kuja kuniambia, huyu ni mtoto wetu, anataka hadithi yako, tumekuja kumuombea? Mtu hajiombei. Wewe unajua hivyo, umenipiga picha nikisema hivyo."

Mnanijua mdomo wangu. Nilimwambia kwamba mahali pengine watu huweka sahihi tu na mambo yanaisha. Akasema basi niende nikapige picha hiyo karatasi. Alinijazia chai nyingine, na nilipotoka akanipa gunia dogo la viazi nibebe, maana kukukatalia ni kitu kimoja na kukuacha uende mikono mitupu ni kingine. Nilitembea mpaka stendi nikiwa na hasira, gunia begani, nikiwa sijui kama namchukia au nampenda.

Shida ilikuwa nitamtuma nani. Baba yangu, mliomjua, alifanya kazi reli mpaka ikamchosha, na hayuko tena. Mama yuko Bungoma anamuuguza nyanya. Aliyebaki karibu ni Senge Agneta, dada ya baba, anayeishi Mau Narok. Simu yake huwa imezimwa ili betri isiishe. Kwa hivyo ilibidi niende mwenyewe, na siku zilikuwa zinayoyoma.

Kupanda Mau Narok na mtu wa TV

Nilishuka mpaka Njoro ili nipande tena Mau Narok. Mvua ilikuwa imeharibu mambo, magari ya kawaida yamegoma, nikapata lifti kwa pikapu iliyokuwa inaenda kuchukua viazi. Dereva aliitwa Kiprono. Aliniita mathe, kama vile mimi ni mama yake. Nina miaka thelathini na nne. Nilimsamehe kwa sababu ya hiyo lifti.

Aliona mkoba wa kamera akauliza mimi ni wa TV gani. Nikasema mimi si wa TV, natengeneza filamu. Akauliza ni ya mapenzi ama ya kupigana. Nikasema ni ya mama mmoja anayeongea. Akabadilisha gia, akasema hiyo nayo anayo nyumbani, na anaiona bure.

Tulikwama kabla ya kufika juu. Magurudumu yalizunguka mpaka matope yakatufikia kwenye vioo, na nyuma yetu lori la maziwa likakwama pia, kisha bodaboda wawili. Watu wakatoka mashambani kutazama. Hapo ndipo Kiprono alipowatangazia wote kwamba bahati nzuri kuna dada wa TV hapa. Nilikataa. Nilieleza. Nilieleza mara ya pili. Mzee mmoja alikuwa tayari amevua kofia na kusimama kando ya shimo kubwa zaidi, amenyoosha mgongo, anangoja. Nikaona betri ni rahisi kuliko mabishano. Nikatoa kamera.

Walizungumza wote, mmoja mmoja, kwa heshima, wakimwambia mheshimiwa mbunge ambaye hakuwepo kwamba maziwa yanaharibikia njiani na wajawazito wanabebwa kwa mkokoteni. Mama mmoja alitoka nyumbani kwake na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, akatugawia kwa vifuniko na kwa mikono, hata yule wa lori la maziwa ambaye alikuwa amekasirika na dunia nzima. Sijawahi kula githeri tamu hivyo, na nawaambia hivyo nikiwa nimekula kwa kila mmoja wenu. Mwishowe trekta la shamba la ngano likaja kutuvuta. Kiprono alikataa katakata nauli yangu. Alisema nimeshawalipa kwa kuipiga picha ile barabara. Sina TV ya kuiweka, lakini nimeihifadhi, na nikimwona mtu yeyote mwenye TV nitampa.

Kwa Senge

Senge Agneta anapika kwenye kibanda cha wafanyakazi wa ngano. Upepo wa kule unaweza kukuvua kitambaa na usikione tena. Nilimkuta anasonga ugali wa watu wengi, akanikumbatia na mwiko mkononi, akaniambia nimekonda, ambayo ni uongo.

Nikaanza kumweleza huku anasonga. Nikasema nimekuja kumwomba aende Molo kunisemea. Nikasema ni kwa familia ya Wakikuyu, kuna mama pale anataka watu wetu wafike rasmi, na ni lazima iwe kabla ya Jumamosi. Senge aliacha mwiko ndani ya ugali. Akatoka nje, akamwita jirani yake, jirani akaja na mwingine, na kabla sijajua kinachoendelea walikuwa wanne wanapiga vigelegele, na mmoja ananishika shavu akisema Mungu hachelewi. Nilidhani wamefurahia filamu. Nikashukuru, nikasema kazi yenyewe imechukua mwaka mzima.

"Mwaka si mwingi," Senge akasema. "Na yeye anafanya kazi gani?"

Ndipo nikashtuka. Nikawaambia hakuna mwanamume. Wakawa wanatazamana. Nikaeleza tena, polepole, mambo ya kamera, mambo ya Mama Shiko, mambo ya Naivasha. Majirani wakaondoka mmoja mmoja na pole nyingi. Senge akauchomoa mwiko.

"Kwa hivyo hakuna bwana."

"Hakuna, Senge."

"Ni picha tu."

"Ni picha."

Akapakua ugali, tukala. Nilifikiri atakataa, na bila yeye sikuwa na mtu mwingine wa damu wa kusimama mbele yangu na filamu ingekufa hapo. Kumbe alikuwa anahesabu kuku kichwani. Akauliza kama huyo mama anapenda shuka za maua ama za mistari. Akauliza pia kitu ambacho watu wote wa filamu niliowahi kuketi nao hawajawahi kuniuliza, kwamba ukiomba msichana, nyinyi mnabaki na kazi ya kumtunza. Ukiomba maneno ya mtu, unayatunzaje? Akasema nitafute jibu kabla hatujafika, kwa sababu yeye hatasema uongo mbele ya watu. Kisha tukaomba. Maombi ya Senge mnayajua. Ugali uliobaki uliganda.

Molo, na kuku

Tulifika Molo Jumatano, mimi, Senge, shuka la maua, kilo za sukari na kuku mmoja aliyekuwa hapendi safari. Mama Shiko nilikuwa nimemtayarisha kwa simu. Kwanza sikumtambua. Alikuwa amevaa kitenge chake cha mahari, ameketi na shemeji yake wa kike, na akatusalimia kama watu asiowajua, mimi nikiwemo.

Nilifungua mkoba nitoe kamera. Senge alinipiga mkono kofi dogo. Akasema leo mimi ndiye bibi arusi na bibi arusi hajipigi picha. Kwa hivyo niliketi, nimeshika kuku, nikatazama.

Jamani, mngekuwepo. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya bei ya mbolea. Senge alisema njia ilikuwa ndefu lakini harufu ya chai ilituongoza. Mama Shiko akasema chai yao ni ya watu maskini, haina harufu ya kufika mbali hivyo, labda wageni wamesikia ya jirani. Wakacheka, kisha wakaongea tena juu ya mvua. Wote wawili walikuwa wanafurahia. Mama Shiko, ambaye husema kila wiki na watu wanaotetemeka mbele yake, alikuwa amepata mtu wa saizi yake. Hatimaye Senge akasimama, akasema kwao wana mtoto anayekusanya maneno ya watu kama wengine wanavyokusanya kuni, kwamba anayatunza asiyaache kwenye mvua, na kwamba wamekuja kuomba ya nyumba hii. Akasema pia tumekosea kuja tukiwa tumechelewa, mtoto akiwa ameshaingia jikoni kabla ya wakubwa wake kubisha hodi. Hapo nilitazama kuku.

Mama Shiko alijibu vizuri. Alipokea shuka, akapokea sukari, kuku akapelekwa nyuma. Kisha akasema hawezi kutupa jibu leo. Yake angeyatoa, lakini ya jikoni yana mtu mwingine ndani, na mtu huyo hayupo. Yeye hatoi nusu. Twende Karagita, huko Naivasha, kwa Shiko kwanza, tusikie, na yeye atatujibu yote pamoja.

Nilitaka kulia. Jumamosi ilikuwa inakuja na nilikuwa na shangazi, viazi na heshima, lakini sikuwa na neno. Senge alikuwa anang'aa uso. Alisema kwa njia yote ya kurudi kwamba huyo mama ni mtu safi sana.

Karagita

Senge alirudi kwa wafanyakazi wake wa ngano, kwa sharti langu moja, kwamba simu iwe imewashwa. Mimi nikapitia Nakuru kubadilisha nguo, nikashuka mpaka Naivasha, na Ijumaa bodaboda akaniacha Karagita mbele ya mstari wa vyumba vya kukodisha. Milango yote inafanana na yote ilikuwa imefungwa, kwa maana watu walikuwa bado mashambani kwenye maua.

Nilikaa nje ya mlango wa Shiko mchana wote. Mama wa chumba cha pili alikuwa anafua, akaniangalia, akafua, akaniangalia tena. Baadaye akaniuliza kwa upole kama mimi ni wa ile benki ya mikopo ya wamama. Nikasema hapana. Akauliza kama ni wa kanisa. Nikasema mimi nimetumwa na mama ya Shiko. Akaacha nguo, akaingia ndani, akaniletea kiti na kikombe cha uji, akasema huyo msichana amengoja mtu wa kwao kwa muda mrefu. Sikumwambia mimi si wa kwao.

Shiko alikuja jioni akitembea na wenzake, vidole vimefungwa plasta kwa sababu ya miiba ya waridi. Ana uso wa mama yake lakini hana mdomo wake. Wekesa alifika baadaye na samaki wawili wa ziwani, akawakaanga mwenyewe, akapika na ugali, akaninawisha mikono. Nilikuwa nimekuja nikiwa na picha yake kichwani, picha ya kijana mwenye dharau. Huyu alikuwa anaondoa miba kwenye samaki wa Shiko kwa sababu ya zile plasta.

Nikawaonyesha ile sehemu ya jikoni kwenye simu. Ilikuwa haki yao kuiona. Shiko aliitazama mpaka mwisho, pale kwenye kuku wa barabarani, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Wekesa alisimama akaenda mlangoni akatugeuzia mgongo.

"Ningeenda na nani?" akasema. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo. Ndugu za baba yake huko Bungoma wakiona namba yake hawashiki, wanadhani anataka shamba la baba yake. Mara mbili alivaa vizuri aende Molo peke yake, na mara zote mbili alishuka njiani. "Mama ya Shiko anajulikana mpaka hapa. Nifike kwa mtu kama huyo nikiwa peke yangu, nijiombee? Angefikiri ninamtukana."

Na Mama Shiko, miaka mitano, alikuwa anafikiri ametukanwa kwa sababu hakuja.

Nikamwambia Shiko mama yake anangoja jibu juu ya hiyo video. Shiko hakujibu juu ya video. Aliniuliza yule shangazi yangu niliyemweleza, aliyenisemea Molo, ni mtu wa wapi. Nikasema ni Mbukusu, kama mimi, kama bwana yake. Akaniuliza kama simu yake inashika.

Senge alishika mara ya kwanza. Mungu mkubwa. Alimuuliza Wekesa jina la baba, jina la babu, kijiji, mto ulio karibu, na kanisa gani lilikuwa juu ya mto. Kisha akasema kijana, nyanya yako alitoka kwa watu wetu, mbona umekaa kama yatima na mimi niko hapa Mau nasonga ugali? Wekesa alimrudishia simu Shiko kwa sababu hakuweza kuishika tena. Alilia bila kuficha. Nami nililia, na huyo mama wa chumba cha pili, ambaye ukuta wake ni wa mabati, alilia huko kwake, tukamsikia.

Halafu Shiko akanijibu. Alisema Jumamosi nisiionyeshe. Mama yake bado yuko kwa hiyo picha kama mama ambaye hajaombwa, na yeye hataki watu wengine wamwone hivyo kabla wao hawajaenda. Wakishaenda, mama mwenyewe ataamua. "Na siku tukienda," akasema, "wewe utakuja kama mtu wa upande wa Wekesa. Hatuna watu wengi. Utabeba vitu. Kamera iache."

Fikirieni hapo. Mwisho wa filamu yangu, ule ambao nisingeweza kuubuni hata nikipewa miaka kumi, utafanyika mbele ya macho yangu na mimi nimebeba kreti za soda. Nilimwambia sawa. Nililala kwenye mkeka wao na sikupata usingizi.

Kando ya ziwa

Ile nyumba ya watu wa filamu ina nyasi zilizokatwa na miti ya manjano, na swara wanatembea karibu na meza kama wapangaji. Jumamosi asubuhi tulipewa kifungua kinywa chenye vitu vidogo vidogo vingi. Wenzangu watano walikuwa watu wazuri. Mmoja kutoka Eldoret alikuwa anatapika kwa woga, nikamshikia mkoba.

Zamu yangu ilipofika niliingia nikawakuta waamuzi watatu mezani. Nikasalimia. Nilikuwa nimejizoeza hotuba ya kujisifu, ile tuliyofundishwa, sema tatizo, sema wewe ni nani, sema kwa nini ni wewe tu. Mdomo ulikataa. Nikaanza na njia, na mvua, na barabara ya Mau Narok. Nikasema baba yangu alikuwa nani. Nikasema nimetumwa na nani na nimekula kwa nani. Mwamuzi mmoja mwanamume alitazama saa. Nikawaambia sehemu waliyoipenda sitaionyesha leo, kwa sababu bado haijaombwa ikakubaliwa, na kwamba sina neno lililorekodiwa.

Mama mmoja mwenye miwani, ambaye alikuwa akiandika muda wote, aliacha kalamu. Akauliza, "Na huyo mama akikataa?"

Nikasema akikataa sina filamu.

Walituita baadaye. Pesa walipewa wengine, yule wa Eldoret akiwa mmoja wao, na nilifurahi kwa ajili yake kiasi nilichoweza, ambacho mwanzoni hakikuwa kingi. Nilienda nyuma ya choo nikaipiga teke ndoo, kumbe ilikuwa na maji. Nilikuwa nimelowa mguu mmoja wakati yule mama mwenye miwani aliponikuta. Alisema kuna chumba kimoja kimebaki, na mhariri, kwa mwezi mmoja, bila hela. Niende nikalete jibu la Molo, na nikiwa nalo chumba ni changu. Nisipokuwa nalo watampa mwingine, na hatakasirika na mimi.

Basi wale mliotaka jibu la neno moja, jibu la siku hiyo lilikuwa hilo. Chumba, kama.

Molo tena

Tulienda wiki mbili baadaye. Senge alikuja na majirani wake wawili wa Mau Narok, wale wa vigelegele, wakisema hawakukosea mara ile, walikuwa wamewahi tu. Kiprono alituendesha na pikapu, kwa sababu Senge alikuwa amechukua namba yake kwangu, na alikataa kuamini kwamba safari hii siko na kamera. Wekesa alivaa koti la kuazima. Yule mama wa chumba cha pili naye alikuja kutoka Karagita. Tulikuwa watu wa kutosha.

Nilibeba soda. Nilibeba unga. Nilipoingia kwenye lile lango ambalo nimelipiga picha mara nyingi, nilijikuta natafuta mwanga unatoka upande gani, nikajikemea.

Na nikaona kitu ambacho mwaka mzima sikuwahi kukiona. Mama Shiko alikuwa ameketi kimya. Mama hajisemei kwa mtoto wake. Anayesema ni yule shemeji yake, na huyo shemeji, Mungu ambariki, hajui kusema. Alisahau mistari. Alitaja mbuzi kabla ya wakati. Mama Shiko alikuwa anakunja na kukunjua leso kwenye mapaja, midomo inacheza bila sauti, anaona pa kusahihisha na hawezi. Senge akamhurumia yule shemeji, akawa anambebea maneno, anauliza na kumpa jibu ndani ya swali. Akaomba tupewe Shiko. Akasema kijana wetu hakukawia kwa dharau; alikawia kwa sababu alikuwa hana mtu, na wenye makosa ni sisi, tuliomwacha barabarani miaka mitano.

Mama Shiko alifunika uso na ile leso.

Wakamwita Shiko mbele, kama inavyotakiwa, wakamuuliza kama kinywaji cha hawa watu kinywewe. Akasema kinywewe, yaani amekubali kuolewa. Kukawa na kelele, na mbuzi akatoroka, akarudishwa.

Nilidhani imeisha. Nilikuwa nainua kreti niende jikoni, Senge akasema kila mtu akae kwanza, hajamaliza, ana mtoto mwingine. Akanishika bega akanisimamisha mbele ya watu wote, na soda zangu. Akasema kuna jambo tulileta hapa juzi tukaambiwa tungoje mwenye nyumba akutane na binti yake. Sasa wamekutana. Tunarudia ombi letu, la maneno ya huyu mama, ya dukani, ya mahari na ya jikoni, kama ataona yanafaa kutoka. Na jambo hili si la mtoto, kwa hivyo anaweza kutujibu mwenyewe.

Watu wakageuka wamsikie, maana wengi wao wamekuja mbali kumsikia mara nyingi. Mama Shiko akasimama. Akarekebisha kitambaa. Akafungua mdomo, nami nikamwona akitafuta mahali pa kuanzia, mvua au mbolea au njia. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yanamteremka tu, na yule mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno katika Molo nzima akainua mkono, akamshika binti yake begani, akamsukuma mbele kidogo.

Shiko alitutazama, vidole vyake vya plasta vimeshika mkono wa mama yake.

"Mama amekubali," akasema. "Yote."